Kamba Tatu za Hamdani

Marehemu Hamdani alikuwa bado hajasomewa arobaini pale Kurwa alipokuja kukaa kwenye baraza la nyumba yake, hapa Bangwe, Kigoma, kando ya ziwa, akakohoa kikohozi cha mtu mwenye haja, kisha akasema kuelekea pazia la mlangoni:

"Shemeji Semeni, nimekuja kwa habari ya kamba."

Nyuma ya pazia Semeni alikuwa kwenye mkeka, amevaa nguo zake za eda, tasbihi mkononi. Mjane wa Kiislamu akiwa edani hatoki ovyo, wala haonani na mwanamume ambaye kesho na keshokutwa anaweza kumwoa, na Kurwa, kwa kuwa ni mtoto wa baba mdogo wake Hamdani, alikuwa miongoni mwa hao. Kwa hiyo walizungumza hivyo hivyo, mmoja ndani na mwingine nje, kama watu walio ng'ambo mbili za mto.

"Kamba gani?" Semeni aliuliza, ingawa alijua.

"Zile za kufungia boti kwenye mawe matatu ya Mafiga. Ile ya kwenye Kiti naijua. Mbili zilizobaki ndizo zimenishinda. Leo asubuhi nimezunguka na boti mpaka kichwa kimeniuma, sioni kitu. Mumeo alizificha kama mtu anayewaficha watoto sukari."

"Alikuwa na sababu ya kuzificha."

Kurwa akatazama kandambili zake. Sababu yenyewe ilikuwa yeye, na wote wawili walilijua hilo.

"Jumamosi wageni wa nesi Honorata wanakuja," akaendelea. "Walikwishapatana na marehemu. Nikiwapeleka bila kamba, itanibidi nitupe nanga. Na nikitupa nanga pale…" Hakumalizia.

"Basi usiwapeleke."

"Nisipowapeleka mimi, watakwenda na lile boti la muziki. Lile, shemeji, nanga yake ni kipande cha reli."

"Nimekusikia, Kurwa. Niache nifikiri."

"Fikiri, shemeji. Ila samaki hawajui kama sisi tuna msiba."

Semeni alisikia kandambili zake zikiondoka, naye akabaki amesimamisha vidole kwenye punje moja ya tasbihi. Mahali kamba mbili zilipo palijulikana na watu wawili tu duniani, na mmoja sasa yuko udongoni Ujiji. Akimwambia Kurwa, na Kurwa akawa bado ni Kurwa yule wa zamani, wavu wake ungeyafagia Mafiga yote kabla eda haijakwisha. Asipomwambia, nanga za kila mwenye boti zingeifanya kazi ile ile, taratibu. Na kulikuwa na neno moja lililomchoma kama mwiba wa samaki singa: "Ile ya kwenye Kiti naijua." Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba Kurwa anaijua. Kama analijua jiwe hilo la Kiti, Semeni alijiambia, basi Kiti kimekwisha.

Ili mtu aelewe kwa nini jambo la kamba lilikuwa zito kiasi hicho, inabidi amjue Hamdani.

Alizaliwa Ujiji katika ukoo wa Wamanyema ambao mababu zao walivuka ziwa kutoka Kongo, na mpaka anakufa alikuwa akiwatania majirani zake Waha kwamba yeye alikuja kwa maji kama mtu mwenye adabu, wao wakateremka mlimani kwa kufuata harufu ya samaki wake. Alikuwa mwembamba, mwenye shingo ndefu, na kicheko chake kilitangulia mzaha wenyewe, hata watu wakawa wanacheka kabla hawajausikia. Ziwa hakuliogopa hata likichafuka, lakini bata mzinga wa jirani akimkimbilia alikuwa akipanda juu ya benchi na kumwita mke wake. Sala ya alfajiri haikumpita. Kanzu yake ya Ijumaa ilinuka petroli kidogo, hata Semeni aifue namna gani, na huko msikitini walimjua kwa harufu hiyo kabla hajatoa salamu.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuvusha abiria kwa boti ya mbao kwenda Ilagala na vijiji vya kusini, na akirudi alitupa ndoana kwa ajili ya mboga ya nyumbani. Hivyo ndivyo alivyoishi mpaka Ramadhani ile.

Alasiri moja ya mwezi mtukufu alirudi na kuhe mkubwa, ambaye mkia wake ulikuwa ukiburuza mchangani. Kuhe ni yule samaki mnene wa manjano mwenye mabaka meusi, na hapa kwetu akiingia sufuriani majirani wanakuja kusalimia bila kualikwa. Hamdani alimvua kwa urahisi kwenye Mafiga, mahali mawe makubwa matatu yanapochomoza majini kama mafiga ya jiko lisilo na sufuria. Semeni akakaa kwenye kigoda akampasua. Ndani hapakuwa na kitu. Tumbo lilikuwa tupu na safi kana kwamba limeoshwa, na ule utando wa mafuta unaotegemewa kwa kuhe haukuwapo.

"Hee! Huyu naye alikuwa amefunga," Semeni akasema.

Ulikuwa mzaha wa mwanamke mwenye kiu anayesubiri magharibi. Lakini Hamdani aliyekuwa akinoa kisu aliacha kunoa. Akaja, akachuchumaa, akatazama lile tumbo kwa muda. Wakati wa kufuturu alikula tende, akanywa uji, samaki hakumgusa. Kesho yake akarudi Mafiga, maji yakiwa yametulia, akainama ukingoni mwa boti akatazama chini. Akamwona kuhe mwingine, peke yake, anazunguka juu ya kundi la watoto wadogo kama wingu la mbu. Samaki wengine walikuwa wakija upande huu na upande ule kuwala. Akiwafukuza wa kulia, wa kushoto wanaingia.

"Walikuwa wawili," alimwambia mkewe aliporudi. "Mmoja nimempika. Wanalinda watoto zao, Semeni, na wakiwalinda hawali. Yule hakuiuma ndoana yangu kwa njaa. Aliiuma kwa kuwa niliipitisha karibu na watoto."

Tangu siku hiyo hakumvua tena kuhe anayelinda, na hakumvumilia mtu wa kumvua mbele yake. Semeni alikuwa akipenda kusema kwamba wanaume wengine hubadilishwa na hotuba ya shehe, wa kwake alibadilishwa na tumbo la samaki.

Biashara ya kutembeza wageni aliianza baadaye, na aliyeianzisha ni Honorata. Honorata ni nesi, Mkatoliki kutoka Bukoba, aliyehamishiwa Kigoma akiwa bado msichana akapazoea. Alikuwa abiria wake. Siku moja alimwambia, "Kaka Hamdani, mimi nimeishi kwenye ziwa hili miaka yote hii, na samaki wake nimewaona sokoni tu. Na kuogelea sijui."

Hamdani akachukua ndoo, akaikata kitako, akabandika kioo cha dirisha kwa gundi. Ukiishusha ndoo ile majini na kuingiza uso wako, ziwa linafunguka kama nyumba iliyoondolewa paa. Honorata alipotazama mara ya kwanza alisema "Yesu na Maria!" mara nyingi kiasi kwamba Hamdani alimwuliza kama amewaona huko chini. Akawaleta manesi wenzake, manesi wakawaleta waume zao, halafu wakaja walimu, mahakimu, maofisa wa bandari, na Wazungu waliokuwa wakisubiri safari ya kwenda kuwaona sokwe.

Masharti yake yalikuwa ya mtu wa nyumbani. Injini aliizima mbali, akaingia kwa kasia. Sabuni haikutumiwa kule, na wali haukutupwa majini hata kwa nia njema. Aliyetaka kuvua alipelekwa kwenye kina, akavua migebuka ya kutosha mlo mmoja, akaambiwa inatosha. Na nanga haikutupwa kamwe, isije ikafukua mchanga wanakozalia samaki. Hamdani alimimina zege kwenye matairi matatu mabovu, akayazamisha kwenye mchanga mtupu kando ya kila jiwe, kila tairi na kamba yake ya kufungia boti.

Alikuwapo kijana mmoja kutoka Dar es Salaam, afisa mpya wa benki, aliyemwona kuhe kwenye ndoo akaruka kutafuta fimbo yake ya kuvulia.

"Huyo hapana, kaka," Hamdani akamwambia. "Huyo amefunga."

"Amefunga? Kwani samaki naye Mwislamu?"

"Dini yake siijui. Saumu yake naijua."

Boti nzima ikacheka, na kijana akairudisha fimbo.

Sasa ndipo inapoingia habari ya Kurwa, na ya kosa la Hamdani. Kurwa alikuwa na kokoro, wavu wa kukokota usiobagua mama wala mtoto, wavu ambao umekatazwa na ambao kila mtu anajua nani anao. Yeye na wenzake waliuvuta alfajiri, karibu na mawe, kwenye mchanga ule ule ambao kuhe wanautaka. Hamdani, kwa kuwa aliwadhania watu wema kama yeye, alifikiri kwamba wanavua pale kwa kutojua. Akachukua madumu ya manjano ya mafuta ya kula, akayafunga kwenye kamba zake yaelee, na kila alipowaona kuhe wanalinda akaongeza dumu, ili wavuvi waone na wapite mbali.

Wavuvi waliona. Katika juma lile lile kokoro lilipita kwenye kila dumu.

"Ahsante sana kwa vibao!" Kurwa alimpigia kelele pale ufukweni, huku akinamama wanaonunua samaki wakisikiliza. "Zamani tulikuwa tunapapasa. Siku hizi ndugu yangu ananiwekea meza na kitambaa cha manjano!"

"Kurwa, wale wana watoto."

"Hata mimi nina watoto. Serikali inafunga ziwa, na wewe unafunga mawe. Sisi tukavue wapi, bakulini?"

Akinamama wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. "Yebabawe, Hamdani! Umemfuga paka halafu umemwonyesha kabati!"

Hamdani alirudi nyumbani amenyong'onyea, na hasira za mtu mpole zina ujanja wake. Aliyahamisha madumu usiku wa manane wa moyo wake, kama alivyosema mwenyewe, yaani bila kumwambia mtu, hata Semeni. Akayapeleka mahali mchanga unapofunika mawe makali, palipo patupu pasipo samaki. Kurwa akaja akazungusha wavu wake kwenye dumu la manjano, akavuta, na kokoro likachanika kama kanga kuukuu.

Semeni alipopata habari hakumsifu.

"Umemlisha ndugu yako mawe," alisema. "Watoto wake ukawape nini leo? Ukawape kuhe wako wawatazame kwenye ndoo?"

 Hamdani akavaa kofia, akaenda kwa Kurwa, akakaa mchangani akaanza kushona ule wavu aliouchanisha mwenyewe. Kurwa hakumsalimia. Walishona kimya siku hiyo. Siku ya pili Kurwa akamtukana kidogo, ndipo Hamdani akajua kwamba mambo yanaanza kupoa. Wavu ulipokaribia kwisha, Hamdani akamwambia, "Njoo, nikuonyeshe kitu kimoja, halafu ukirudi uvute utakavyo."

Akampeleka kwa boti, akampa ndoo. Kurwa alikuwa amevua tangu hajaota ndevu, na baba yake kabla yake, lakini chini ya ziwa alikuwa hajapata kupatazama hata siku moja. Alikaa na uso ndoani muda mrefu. Hamdani alingoja, anaomba dua kimoyomoyo kwamba Mungu amfungue ndugu yake kifua. Mwishowe Kurwa akainua uso, maji yanamchuruzika kidevuni.

"Wanono hao," akasema.

Hamdani alimsimulia mkewe kisa hicho huku akijipiga paja kwa kucheka, ingawa kicheko chenyewe kilikuwa nusu. Hakumtajia ni kwenye jiwe gani alikompeleka, na Semeni hakuuliza. Baada ya hapo aliyaondoa madumu yote. Kila kamba akaifunga chupa ndogo, akaikata iishie chini ya uso wa maji kiasi cha mkono mmoja, hata mtu akipita juu yake haioni. Anayejua mahali huichukua kwa upondo wenye kulabu. Kurwa naye, baada ya muda, hakuonekana sana na lile kokoro. Wengine walisema limeoza, wengine walisema analivuta upande wa Ilagala. Alianza kumsaidia Hamdani kutengeneza injini, wakawa wanataniana kama zamani, lakini mambo ya kamba hayakutajwa kati yao, kama vile watu wasivyotaja jina la mke aliyeachwa.

Semeni ndiye aliyejua zilipo. Jioni, wakati Hamdani anasubiri chai yake ya tangawizi iliyokolea mpaka inakereketa, alikuwa akikaa karibu na jiko la kuni na kumweleza ya siku. Mafiga matatu ya jiko yalikuwa ndiyo mawe matatu ya ziwani. Kikombe kilikuwa mnara wa simu, kawa likawa paa la bati jekundu la pale kilimani. "Leo nilikuwa hapa," alisema, na kusogeza ganda la ndizi ambalo ndilo lilikuwa boti. Semeni alimgombeza kwa kumchafulia jiko. Lakini alisikiliza, na kila jioni akalifahamu ziwa zaidi kuliko wengi waliolisafiri, ingawa yeye alipanda boti hiyo mara moja tu na alitapika njia nzima.

Halafu alasiri moja Hamdani alishikwa na kichwa akiwa anavaa kanzu aende msikitini. Honorata alikuwa zamu hospitalini. Yeye ndiye aliyemshika mkono mpaka mwisho, na ndiye aliyemfumba macho. Alisali kwa dini yake, huku nduguze wakimtamkisha shahada kwa dini yao, na hakuna aliyeona vibaya. Innalillahi. Walimzika Ujiji karibu na baba yake. Mwenyezi Mungu amfanyie wepesi mahali alipo, kwa maana yeye aliwafanyia wepesi viumbe wasioweza hata kumshukuru.

Siku mbili baada ya Kurwa kuja kuuliza habari za kamba, Honorata alipita jioni akitoka kazini, kama alivyokuwa akifanya tangu msiba. Hakuwa mtu wa kukaa na kulia. Alivua viatu, akajitwisha vyombo vyote vichafu, akaviosha uani huku akizungumza kwa sauti ili Semeni asikie kutoka ndani.

"Wale wenzangu wananiuliza Jumamosi ipo au haipo. Nimewaambia mama mwenye boti yuko edani, tungoje neno lake."

"Ungependa waende?"

"Ningependa waone nilichokiona mimi safari ile ya mwisho, wifi yangu. Hamdani hajakueleza? Juma lile lile alilofariki. Kuhe wawili wakubwa, na watoto juu yao kama unga uliomwagika. Yule jike akapanda mpaka karibu na ndoo kunitazama. Nilitaka kumwamkia."

Semeni alitabasamu nyuma ya pazia. Hamdani alikuwa amemweleza, ila siku hiyo ulikuwa umewaka ugomvi wa ganda la ndizi, hakusikia vizuri ni wapi.

"Ilikuwa kwenye jiwe gani?"

"Lile lenye mgongo na pa kukalia."

"Kiti?"

"Enhee, Kiti. Alisema hapo hawakosekani kila mwaka, ndiyo maana hupeleka pale wageni wa mara ya kwanza. Alisema hata Kurwa ndipo alipompeleka, mwaka ule wa wavu. Akacheka peke yake mpaka akakohoa, wala sikujua kilichomchekesha."

Sufuria iligongana na sufuria uani. Kurwa alikijua Kiti tangu mwaka ule wa wavu. Miaka yote hiyo alikuwa na mahali hapo mkononi, alfajiri zote zile ambazo hakuna mtu ziwani, na wavu ulioshonwa upya na mikono ya mwenye kosa. Na kila mwaka kuhe wakarudi wakazaa pale pale. Hamdani alilijua hilo. Alilitazama kwa ndoo mwaka hadi mwaka na kunyamaza, kama mtu anayeacha chungu mekoni bila kukifunua.

Machozi yalimtoka Semeni, ya kwanza ambayo hayakumchoma. Alipoyafuta akaita, "Honorata! Ukitoka pitia kwa Kurwa. Mwambie aje kesho baada ya sala ya adhuhuri. Na aje na mawe matatu."

"Mawe ya nini tena?"

"Ya kupikia ziwa."

Kesho yake Kurwa akaja na mawe yake kwenye karai, ameduwaa. Semeni alikuwa amepanga yake ndani, nyuma ya pazia, na kikombe na kawa.

"Yapange kama Mafiga yalivyo," akamwagiza. "Umepanga?"

"Nimepanga, shemeji. Jirani yako ananitazama kama mwendawazimu."

"Mwache atazame. Chukua kikombe hicho nilichokuwekea mlangoni. Huo ni mnara wa simu. Weka kulia."

"Kulia kwako au kulia kwangu? Maana tumeelekeana."

"Wewe mvuvi gani? Weka upande wa Ujiji!"

"Sasa hapo umesema Kiswahili. Nimeweka."

"Kamba ya jiwe dogo: ingia na boti kutoka upande wa Kongo, taratibu, mpaka mnara usimame juu ya jiwe dogo sawasawa, kama mwanamke aliyejitwika mtungi. Ukiegemea kidogo tu, umepita. Hapo shusha upondo."

Kurwa alisogeza ganda lake la ndizi, maana Semeni alikuwa amemtolea na hilo. Akarudia maneno. Akakosea, akasahihishwa, akarudia tena.

"Na ya jiwe kubwa, shika kawa. Hilo ni paa jekundu. Nenda mpaka jiwe kubwa limeze paa lote, ibaki ncha tu kama kipande cha ugali mdomoni mwa mtu."

"Huo mfano wako au wake?"

"Wake. Mimi singemfananisha mtu hivyo."

Kurwa akacheka, halafu kicheko kikamkatika katikati, akabaki anatazama mawe. Nyuma ya pazia, Semeni akamsikia akipenga kamasi.

"Shemeji," akasema baadaye, "hukuniuliza kuhusu kokoro."

"Sikukuuliza."

"Mke wangu amezungushia bustani yake ya mchicha. Kuku hawaingii."

"Basi limefanya kazi ya halali."

Jumamosi alfajiri, baada ya kuswali, Semeni alikaa mkekani akasikiliza. Alisikia sauti za wageni wakiteremka ufukweni, Honorata akimkataza mtu kubeba chupa za plastiki, na injini ikikohoa mara mbili kabla ya kukubali, kama ilivyokuwa kawaida yake. Mlio ukatoka pwani ukaenda ukipungua. Hapo aliacha hata kuvuta tasbihi. Boti la muziki huenda na injini mpaka juu ya mawe. Mlio wa Hamdani siku zote ulikatika mapema, kabla ya rasi, na Semeni alikuwa akisema moyoni, sasa ameshika kasia.

Ukakatika mapema.

Semeni aliinua mikono akamsomea mumewe Fatiha, kisha akasimama kwenda kuchochea moto.

Kurwa alirudi jua likiwa limepanda, akaacha mgebuka mmoja mlangoni kwenye sinia, akakaa barazani akipangusa miguu.

"Kamba zote mbili zipo," akasema. "Ya jiwe kubwa imeota utelezi, nimeisafisha."

"Na wenyewe wapo?"

"Wapo. Kwenye jiwe dogo wawili, na watoto. Mume wa mgeni mmoja alitaka kumtupia ndoana. Nikamwambia huyo amefunga."

"Akasema nini?"

"Akaniuliza nimejuaje."

Semeni alisogea karibu na pazia. "Ukamjibu nini? Kwamba wanono?"

Kurwa akaacha kupangusa miguu. Alipoongea, sauti yake haikuwa na mzaha.

"Nimewatazama vizuri leo, shemeji. Wamekonda. Yule dume, mifupa ya kichwa imetoka. Wamekonda kweli."

"Mungu awafikishe," Semeni akasema, akauvuta ule mgebuka ndani kwa ncha ya sinia, akamwambia asiondoke, chai ya tangawizi iko mekoni.